Swali la Mwalimu Nahimana

Biharamulo,
12 Februari 2024

Mwalimu wangu Anatoli,

Shikamoo. Najua ungependa nianze na habari za mtoto na za mvua, lakini konda wa basi la Ngara anapita hapa saa nne na bahasha hii lazima imkute barabarani. Mtoto mzima. Mvua ipo.

Ulinifundisha mwenyewe, nilipokuwa chini yako huko Murukulazo, kwamba mambo ya kazi hayazungumzwi kwa simu, maana kwenye simu mtu husema "ndiyo, ndiyo" na hajaelewa kitu. Basi naandika. Mwezi uliopita nilifanywa mratibu wa jumuiya ya ujifunzaji hapa shuleni. Kila Alhamisi saa tisa alasiri walimu tukae pamoja, mmoja alete mada inayomsumbua darasani, wenzake wamsaidie. Kwenye karatasi ni jambo zuri mno. Alhamisi ya kwanza walikuja kumi na mmoja, wakasaini daftari la mahudhurio, nami nikauliza nani ana mada inayomsumbua. Kimya. Kumbe walimu wa shule hii hawasumbuliwi na chochote, ila watoto wao ndio wanaoshika mkia katika kata nzima. Alhamisi ya pili walikuja wanne.

Yupo mwalimu mmoja anaitwa Mashimba, Msukuma mrefu, hodari wa hisabati, ana miaka ishirini na miwili kazini. Aliniambia mbele ya wote kwamba jumuiya hizi ni za faili, si za watu. Akasema, "Nionyeshe shule moja tu ambako mwalimu mzima amesimama akasema hajui, nami nitakuja kila Alhamisi na kiti changu mkononi." Watu wakacheka, wakaondoka.

Nasikia jumuiya yenu inasifiwa mpaka wilayani, na mratibu ni wewe. Nitumie muhtasari wa kikao chenu, hata mmoja, nione watu wanaoendelea wanaendeleaje. Sitaki kushindwa na Mashimba.

Mwanafunzi wako wa zamani,
Joan


Murukulazo, Ngara,
20 Februari 2024

Kwa Mwalimu Joan, binti yangu wa kazi,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dagaa, konda aliiweka juu ya kiroba cha mtu. Nimeisoma hivyo hivyo, puani na machoni.

Usiogope kimya cha walimu. Mwalimu ni kama jembe jipya, haliingii udongoni siku ya kwanza. Sisi hapa tumefika kikao cha kumi na nne. Tuko tisa, na wote tisa huhudhuria. Saa tisa kamili kila mtu amekaa, daftari wazi, kalamu mkononi. Mwalimu Mkuu wetu, Telesfori, yule unayemjua, anasema faili letu ndilo lililonyooka kuliko mafaili yote aliyopata kuyaona, na Telesfori si mtu wa kusifu ovyo.

Nakutumia mihtasari mitatu, nimeinakili kwa mkono wangu. Utazame hasa huu wa kumi na nne: "Mada: kugawanya kwa sehemu. Mwalimu Nahimana aliuliza: tunapogawanya kwa sehemu tunawaambia watoto waipindue ile sehemu ya pili, ya juu iende chini na ya chini iende juu, kisha wazidishe. Kwa nini tunapindua? Wajumbe walijadili kwa kina na kuridhika."

Nahimana ni binti aliyeletwa mwishoni mwa mwaka jana, baada yako kuhama. Ni wa familia zile zilizotoka Burundi zamani zikabaki kulima hapa. Ni mdadisi. Jumuiya inahitaji mtu wa namna hiyo. Wewe endelea kukaza uzi.

Wako,
Anatoli


Biharamulo,
11 Machi 2024

Mwalimu Anatoli,

Shikamoo. Leo sina haraka, nina furaha.

Alhamisi ya mwisho ya Februari niliwasomea wenzangu mihtasari yako. Kwa ile miwili ya kwanza walitikisa vichwa kwa adabu. Nilipofika kwenye swali la Nahimana nikaona mambo yamebadilika. Mwalimu wa darasa la tano aliweka simu chini. Mwingine aliyekuwa amekwisha kuvaa mkoba akauvua. Mashimba aliuangalia ubao kwa muda mrefu, mtu ambaye kwa kawaida jibu lake hutoka kabla swali halijaisha. Tukabaki pale mpaka saa kumi na moja, tukibishana, na hakuna aliyetaja chai. Wiki iliyofuata walikuja kumi.

Mwalimu, ni swali lako, yaani la Nahimana, lililowaleta. Sasa wananidai jibu. Muhtasari unasema wajumbe waliridhika. Waliridhishwa na nini? Niandikie hata mistari mitatu. Nikikaa Alhamisi ijayo bila jibu, Mashimba atasema aliniambia.

Joan


Murukulazo,
19 Machi 2024

Mwalimu Joan,

Marahaba, na hongera. Huku mvua imepamba moto, maharage yameota vizuri upande wa Nyakisasa na sisi tunasubiri zamu yetu. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama mtoto ameanza kutembea.

Kuhusu lile jibu. Binti yangu, mtu akipewa samaki aliyekwisha kubanikwa hajifunzi kuvua. Waache walimu wako walitafute wenyewe. Nikikuletea jibu kwenye bahasha nitakuwa nimeua jumuiya yako kwa mkono wangu. Nakutumia mihtasari mingine minne, ina maswali mazuri zaidi.

Mzee wako,
Anatoli


Biharamulo,
22 Aprili 2024

Mwalimu Anatoli,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Afisa elimu wa kata yetu amesoma mihtasari yako yote saba. Amesema haina maana walimu wa Biharamulo kuisoma jumuiya hai kwenye karatasi wakati jumuiya yenyewe iko safari ya nusu siku. Ametafuta gari. Alhamisi ya tarehe 23 Mei walimu wetu sita watakuja kukaa kwenye kikao chenu, na barua rasmi kwa Mwalimu Mkuu Telesfori inakuja na konda huyu huyu. Mashimba ameomba mwenyewe kuwa mmoja wa hao sita. Anasema anataka kumwona mtu anayesimama na kusema hajui.

Jibu lako la samaki niliwapelekea. Walicheka, lakini bado wanalitaka. Nimeamua nimwandikie Nahimana mwenyewe, swali ni lake.

Nina fahari na wewe.

Joan


Biharamulo,
22 Aprili 2024

Mwalimu Nahimana, mdogo wangu ambaye hatujaonana,

Habari za kazi. Mimi ni Joan, nilifundisha hapo kabla yako, na dawati lililo karibu na dirisha lilikuwa langu. Nakuandikia kukushukuru. Kwenye kikao cha kumi na nne uliuliza kwa nini tunapindua sehemu ya pili tunapogawanya. Swali hilo limeamsha shule nzima huku Biharamulo. Tafadhali niambie wenzako walikujibu nini. Mzee Anatoli ananificha kwa makusudi, anasema tutafute wenyewe.

Dada yako,
Joan


Murukulazo,
27 Aprili 2024

Dada Joan,

Shikamoo. Dawati la dirishani bado lipo, mguu mmoja umelegea, nimeukaza kwa kamba.

Dada, nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimejitafuta ndani yake sijajiona. Sijawahi kuuliza swali hilo. Sijawahi kuuliza swali lolote kwenye kikao, kwa sababu tangu nije hapa nimehudhuria kikao kimoja, na kilikuwa cha kupanga sherehe ya kumuaga mwalimu aliyehama. Kila Ijumaa daftari la mahudhurio linapita madarasani na sisi tunasaini. Niliuliza siku ya kwanza ni la nini, nikaambiwa ni la wilaya. Mihtasari anaiandika Mwalimu Anatoli, anaiweka kwenye faili, na Mwalimu Mkuu anagonga muhuri.

Naogopa kukuandikia haya. Nilipofika hapa sikuwa na kitanda wala sufuria, ni mzee huyu na mkewe walionipa chumba miezi miwili. Andalio langu la kwanza la somo alilisahihisha kwa kalamu ya risasi ili nisione aibu. Si mtu mbaya. Nakuomba usimwangushe mbele ya wageni.

Ila nitasema hili pia: swali lenyewe ni zuri. Natamani ningeliuliza mimi.

Nahimana


Biharamulo,
1 Mei 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi, watu wako uwanjani, mimi nimekaa ndani na mihtasari yako saba. Nimeumia, na sitakuficha. Ningeumia kidogo kama angekuwa mratibu mwingine yeyote. Wewe ndiye uliyenirudishia daftari langu la maandalio mwaka wangu wa kwanza ukisema, "Usiandike ulichotaka kufundisha, andika ulichofundisha." Nimewaambia walimu wangu maneno hayo, nikataja na jina lako.

Naweza kumwambia afisa kwamba una homa, safari ikafa kimya kimya. Sitafanya hivyo. Mashimba alisema jumuiya hizi ni za faili tu. Nikiifuta safari nitakuwa nimemthibitishia, na kikao changu cha watu kumi kitakufa kabla ya likizo ya Juni. Naweza pia kuwaambia wenzangu ukweli wote kabla hawajapanda gari. Na hilo sitalifanya, kwa sababu si langu kulisema.

Wageni watakuja. Una Alhamisi tatu kabla yao. Niambie jambo moja tu: kama Nahimana hakuuliza, nani aliuliza?

Joan


Murukulazo,
7 Mei 2024

Joan, binti yangu,

Sikukujibu siku ile ile kwa sababu mkono ulikataa.

Hapakuwa na vikao kumi na vinne. Vilikuwa viwili, vya mwanzo kabisa, kabla Nahimana hajaletwa. Cha tatu tulikuja watatu, tukatazamana. Huwezi kuwalaumu sana. Mwalimu amesimama tangu saa mbili, ana madarasa mawili kwa pamoja, ana njaa, na kilimani maharage yanamdai palizi kabla jua halijazama. Hayo yote yana dawa. Lisilo na dawa ni woga. Kusema mbele ya wenzako kwamba mada fulani unaifundisha huielewi ni sawa na kuvua nguo sokoni. Telesfori akasema niandike tu, wilaya inataka karatasi. Nikaandika. Niliandika kila Jumatano, siku moja kabla ya kikao kisichokuwepo.

Lakini kikao lazima kiwe na maswali, na maswali hayaokotwi njiani. Nikaweka yangu. Yote kumi na mawili ya vikao visivyokuwepo ni yangu. Nikayagawa kwa majina ya wenzangu, na hilo la kupindua nikampa Nahimana, kwa sababu kijana akiuliza huitwa mdadisi, na mzee akiuliza watu huanza kuhesabu miaka yake. Mimi nina thelathini na mitatu kazini, nimebakiza mitatu nistaafu. Yote nimefundisha pindua, zidisha, pindua, zidisha. Sijui kwa nini tunapindua. Nimeliandika hapa ili angalau karatasi moja ilijue.

Mwaka 1993 msichana mmoja wa darasa la sita, Akimana, alisimama akaniuliza hilo hilo. Nilikuwa kijana, darasa zima linanitazama. Nikamwambia ana kiburi, nikamtoa nje akapiga magoti juu ya changarawe mpaka kipindi kikaisha. Hakuuliza tena mpaka alipomaliza la saba. Sasa ni mama mzima, anauza maharage sokoni Kabanga. Nikipita huko huzunguka kwa nyuma, kwa wabadilisha fedha, nisionane naye.

Alhamisi iliyopita niliwaita wenzangu kwa kweli. Walikuja watano. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza. Nikafungua kinywa, nikauliza habari za upungufu wa chaki. Tukajadili chaki kwa dakika arobaini.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha tangu ujana. Waje. Tarehe 23 nitauliza swali langu kwa jina langu, au nitauliza chaki tena mbele ya wageni, sijui. Lakini waje.

Anatoli


Biharamulo,
22 Mei 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mashimba mwenyewe, ndiye huyo mrefu. Mimi siji. Nimepangwa kusimamia mtihani wa majaribio wa darasa la saba na sikupata wa kubadilishana naye. Nimelia kidogo, nimenyamaza.

Sijamwambia mtu. Mashimba hajui kitu. Najua utauliza swali lako. Mtu aliyeandika maswali kumi na mawili peke yake Jumatano kumi na mbili ana njaa kuliko sisi sote. Niandikie kilichotokea, si ulichotaka kitokee.

Joan


Murukulazo,
27 Mei 2024

Joan, binti yangu,

Marahaba. Naandika kilichotokea.

Walimu wetu wote tisa walikuwepo, naamini kwa sababu mke wangu alichemsha mihogo na harufu yake ilienea mapema. Telesfori aliwakaribisha wageni, akaliinua faili juu kila mtu alione, kisha akaniita nisome muhtasari wa kikao cha kumi na nne, uliowaleta. Nikasimama. Nikasoma tarehe, nikasoma mahudhurio, nikasoma "Mwalimu Nahimana aliuliza." Nikaishia hapo. Yule binti alikuwa amekaa dirishani kwenye dawati lako, anaangalia chini kama mwenye kosa ni yeye. Hilo ndilo lililonisukuma.

Nikasema, "Hapa pameandikwa uongo, na niliyeuandika ni mimi. Mwalimu Nahimana hakuuliza. Anayeuliza ni mimi Anatoli, na sijajibiwa."

Telesfori akakohoa. Nikaendelea, maana nilijua nikikaa sitasimama tena. Nikawaeleza vikao ambavyo havikuwepo, nikasoma swali langu lote, nikakaa. 

Mashimba akainuka. Nilidhani anaondoka. Akaenda ubaoni, akaandika tatu kugawanya kwa moja ya tano, akapindua, akazidisha, akapata kumi na tano. Kisha akatugeukia na chaki mkononi. Akasema taratibu, "Mzee, na mimi napindua tu." Akauliza kama yupo anayejua sababu. Tulikuwa watu kumi na watano wenye vyeti. Hakuna aliyenyoosha mkono, na mmoja wa wageni wako akaanza kucheka, tukacheka wote, cheko la watu waliotua mzigo.

Nahimana akatoka nje. Akarudi kutoka stoo ya jikoni na debe moja na sado moja, vyombo vile vile wanavyopimia maharage sokoni. Akatuuliza debe moja linajaza sado ngapi. Tano, kila mtu anajua, hata mtoto. Kwa hiyo sado ni moja ya tano ya debe. Debe tatu je? Kumi na tano. Akasema basi kugawanya kwa moja ya tano ni kuuliza sado ngapi zimo, na kwa kuwa kila debe lina tano, unazidisha kwa tano. Nilihisi kitu kinafunguka kifuani, Joan. Nikauliza tena, sasa sikuona haya: na kama kipimo ni mbili ya tano? Hapo akakwama. Mashimba akasema kipimo kimekuwa kikubwa mara mbili, kwa hiyo hesabu inapungua mara mbili. Zile sado kumi na tano tuzifunge mbili mbili, tunapata saba na nusu. Ndiyo maana tano inapanda juu na mbili inashuka chini. Basi. Ni hilo tu. Miaka thelathini na mitatu.

Hatukuondoka mpaka giza lilipoanza kuingia. Muhtasari ameuandika Nahimana, baada ya kikao, nami nimeuweka humu ndani. Mstari wa kwanza unasema, "Mwalimu Anatoli aliuliza." Mashimba anasema nikuambie Alhamisi atakuja na kiti chake. Telesfori hanisemeshi, na Ijumaa alinipa barua ya kunitaka nijieleze kwa maandishi kuhusu vikao hewa. Nimejieleza, ukweli mtupu, kurasa mbili. Wilaya itaamua itakavyoamua. Nimelala vizuri.

Jana baada ya misa nilipanda pikipiki mpaka Kabanga. Sikuzunguka kwa nyuma. Akimana alikuwa mezani kwake, maharage mbele, sado mkononi. Akaniamkia, nikaitikia. Nikamwambia lile swali lake la darasa la sita nimelipatia jibu, nikaomba sado yake nimwonyeshe. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akasema, "Mwalimu, hilo nililijua siku ya kwanza niliyoshika sado. Nisilolijua mpaka leo ni kwa nini ulinipigisha magoti."

Nikamwambia, "Kwa sababu nilikuwa sijui jibu."

Akapangusa kigoda chake kwa khanga, akanisogezea nikae.

Anatoli